Tangazo Lililobaki Rasimu

Kosa langu la kwanza kubwa kazini ni hili: nilifuta toleo la zamani la programu kwenye klasta bila kumwambia mtu hata mmoja. Tangazo niliandika. Sikulituma. Lilibaki kwenye rasimu zangu kwa sababu sikujua nianze na salamu gani.

Najua linachekesha. Ningesikia limempata mwingine ningecheka mpaka nikae chini. Lakini lilinipata mimi, na kabla halijaisha mzee mmoja wa Magoma alikuwa ameulizwa, kwenye shamba lake mwenyewe, kama ni mtu wa kuaminika.

Kituo chetu cha utafiti kiko Korogwe. Kuna chumba chenye viyoyozi viwili na makabati matatu ya kompyuta zilizounganishwa zikafanya kazi kama kompyuta moja kubwa. Hiyo ndiyo klasta. Watu thelathini na kitu wanaitumia kwa pamoja. Mtu anapeleka kazi yake, inakaa foleni, zamu yake ikifika inafanyika. Mimi natunza moduli. Programu moja inaweza kuwa na matoleo manne au matano ndani ya klasta, na moduli ni kama mlango wa kila toleo: unaandika amri fupi yenye jina la programu na namba ya toleo, unafunguliwa hilo hilo ulilotaja. Usipotaja namba, unafunguliwa lile nililoliwekea mimi alama kwamba ndilo la kawaida. Watu wengi hawataji namba. Hilo nililijua tangu wiki ya kwanza, na ndilo linaloniuma zaidi.

Sikusomea kazi hii. Nilimaliza kidato cha nne Handeni, nikapata kibarua kwenye duka la steshenari karibu na stendi, kutoa kopi na kuchapa barua za watu. Kompyuta nilijifunza hapo hapo, mteja akitoka mimi nafungua kilichomo ndani ya mashine nione kinavyofanya kazi. Baadaye nikaanza kusoma mtandaoni kwa Kiingereza cha kuunga unga. Kituo kilinichukua kwa majaribio baada ya kuwatengenezea seva moja iliyowashinda. Wenzangu wana digrii. Mpaka leo mtu akitamka neno "cheti" karibu nami, nageukia kioo cha kompyuta.

Labda ndiyo sababu napenda vitu vikae sawa kupita kiasi. Orodha ya moduli niliyoikuta ilikuwa kama kabati la vyombo la nyumba yenye wapangaji wengi: vifuniko visivyo na sufuria, vikombe vitatu vya aina moja, na kitu cha mwaka juzi ambacho kila mtu anadhani ni cha mwenzake. Kulikuwa na majina yenye herufi kubwa na mengine yenye herufi ndogo. Kulikuwa na matoleo ya zamani ambayo watengenezaji wenyewe walishayaacha. Kila asubuhi nilifungua orodha ile nikahisi kama nimevaa shati ambalo kifungo kimoja kimeruka tundu. Nikapanga Ijumaa ya kusafisha.

Jumatatu ya wiki hiyo nikaanza kuandika tangazo. Ujumbe wenyewe ulikuwa mistari minne: programu ya kulinganisha vinasaba itakuwa na toleo jipya, la zamani litaondolewa, angalieni kazi zenu maana jipya lina tofauti moja, mwenye shida aniambie. Mistari minne ilinichukua dakika tano. Salamu ikanichukua siku nne.

Kwenye orodha ya wapokeaji alikuwemo mkuu wa kituo, ambaye ana umri wa baba yangu. Walikuwemo wazee wawili waliostaafu wanaokuja kushauri. Walikuwemo dada na kaka zangu wa kazini, walikuwemo wa rika langu ambao tukikutana ni "mambo" na "poa," na alikuwemo binti mmoja wa mafunzo ambaye yeye ndiye huniamkia mimi. Niandike "Shikamooni"? Wa rika langu wangenijibu "marahaba mwanangu" mwezi mzima, na yule binti nitakuwa nimemwamkia mtoto. Niandike "Habari zenu"? Kwa mkuu wa kituo niliona ni sawa na kumpiga kofi la mgongo. Salamu ya Kiislamu ingewaacha nje Wakristo, na wako wengi, hasa waliotoka milimani. Nikarudi kwenye mtindo wa steshenari: YAH, halafu mstari chini yake, halafu "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Niliposoma nikaona kama barua ya kumfukuza mtu kazi.

Alhamisi nilikuwa kwenye rasimu ya kumi na moja. Ijumaa ilifika. Nilirudi kutoka msikitini, nikakaa, nikajiambia tangazo nitalimalizia baadaye, kwanza nifanye kazi maana ndiyo siku niliyoipanga. Nikaliwekea toleo jipya alama ya kawaida, nikafuta la zamani. Orodha ikapendeza. Niliitazama muda mrefu kama mtu aliyemaliza kupaka rangi ukuta.

Baadaye haikufika.

Wiki ya tatu alikuja mezani kwangu mtafiti wetu wa mihogo. Ni dada aliyenizidi miaka kama kumi hivi, mzaliwa wa Bungu, mtu wa kucheka upesi. Ndiye aliyenifundisha kula chakula cha mchana, maana mimi nilikuwa nasahau. Kazi yake ni kutafuta aina za mihogo zinazostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Wakulima wanapanda aina mbalimbali, yeye anachukua majani, maabara inasoma vinasaba, na klasta inatafuta kama ndani ya jani kuna virusi. Aina itakayoonekana safi ndiyo itakayotoa pingili, vipande vya shina vya kupandia, vigawiwe vijijini kabla ya mvua.

"Mdogo wangu," alisema, "hivi klasta ina tatizo lolote wiki hizi?"

"Hapana dada. Iko sawa."

Jibu lilinitoka kabla sijafikiri. Nililijibu kama mtu anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari za asubuhi, hata kama mguu umevunjika.

Akanigeuzia kompyuta yake. "Basi nitazamie hapa. Shamba la mwisho, la mzee wa Magoma. Kila aina kaipanda upande wa juu na upande wa chini. Aina ile ile, shamba lile lile. Upande wa juu wagonjwa, upande wa chini wazima kabisa. Hata ile ninayojua ni mgonjwa, chini imekuwa nzima."

Nikatazama safu ya tarehe. Majani ya upande wa juu yalipita klasta kabla ya Ijumaa yangu. Ya upande wa chini yalipita Jumatatu iliyofuata. Nikajua hapo hapo. Toleo jipya hutupa dalili hafifu lisipoambiwa lizitunze. La zamani lilikuwa linazitunza. Nilikuwa nimesoma jambo hilo kwenye maelezo ya watengenezaji, na lilikuwa ndani ya tangazo langu, mstari wa tatu.

"Unaonaje?" aliuliza.

"Sijui, dada."

"Kachanganya vibao vya kutambulisha aina, yule mzee. Hakuna kingine. Nitalitoa shamba lake, sina la kufanya, siwezi kugawia watu pingili nisizojua ni za nini." Alivuta pumzi. "Na alivyo na hamu. Ameshawaahidi majirani zake wote."

Nilimrudishia kompyuta yake. Niliwaza cheti. Niliwaza kwamba watasema ndiyo hasara ya kuokota watu steshenari. Ukinyamaza dakika ya kwanza, ya pili inakuwa rahisi zaidi, na mpaka jioni nilikuwa nimeshajishawishi kwamba pengine ni vibao kweli.

Jumamosi nilikwenda nyumbani Handeni. Mama alinipakulia ugali na mlenda, akaona naukata vipande vipande bila kula.

"Kazi imekushinda?"

"Haijanishinda, mama."

"Basi umeishinda wewe," alisema, akaondoa sahani. Sikuelewa alichomaanisha na nadhani hata yeye hakutaka nielewe.

Nikatoka kunyoosha miguu, nikapita kwenye duka langu la zamani. Mwenye duka akanishika mkono, kuna mteja ana barua ngumu. Alikuwa mama mmoja aliyemtukana mwalimu wa mtoto wake mbele ya wazazi wengine, sasa shule inataka aombe radhi kwa maandishi. Niliikalia barua ile, nikaichapa kwa muda mfupi kuliko chai kupoa. Nilisema nini alikosea, nilisema alimkosea nani, nilisema hatarudia. Mama yule aliisikiliza nikimsomea, machozi yakamlengalenga, akasema, "Unayajua kweli maneno haya, baba." Nilitoka pale nikitembea upesi.

Jumatatu yule dada akaniambia twende Magoma. Alitaka nimwekee kwenye simu programu ya kusoma alama za vibao, apige picha kimoja kimoja, amalize ubishi. Aliendesha mwenyewe pikapu ya mradi. Njia nzima alikuwa anafanya mazoezi ya jinsi ya kumuuliza mzee bila kumuumiza. "Nitasema labda ni mbuzi," alisema. "Eti eh? Mbuzi hawasemi."

Mzee alitupokea kwenye kona ya shamba akiwa na jembe begani. Ni mtu mfupi, mkavu, anayeongea kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu ng'ambo.

"Shikamoo mzee," tulisema kwa pamoja.

"Marahaba, marahaba wanangu! Na huyu kijana mwembamba ni nani? Mmempima virusi?"

"Huyu ni fundi wetu wa kompyuta," dada alisema akicheka.

"Fundi! Basi leo simu yangu itapona."

Dada akaanza habari ya mbuzi. Alizunguka, akazunguka, akafika: labda wakati wa palizi kibao kiling'oka, mtu akakirudisha pasipo pake. Mzee akashusha jembe. Sauti yake ikashuka nalo.

"Mwanangu, unaniuliza kama nimechanganya."

"Siyo hivyo, mzee wangu, nasema tu labda..."

"Ndivyo. Wala si vibaya kuuliza. Njooni."

Akatutembeza mstari kwa mstari. Kila mwanzo wa mstari, chini ya kibao chetu, shina la kwanza lilikuwa limefungwa kipande cha khanga. Chekundu aina moja, cha bluu aina nyingine, cheusi chenye maua nyingine. Juu na chini, rangi zile zile. "Vibao vyenu mlivileta vya mbao nyepesi, mchwa wanavipenda," alisema. "Nikaona nisitegemee. Hizi ni khanga za mke wangu, alinuna siku mbili." Dada alipiga picha kila kibao. Kila kibao kililingana na kitambaa chake. Hakuna hata kimoja kilichokuwa pasipo pake.

Dada alisimama katikati ya mihogo na simu mkononi. "Sasa mzee, kompyuta inasema huku wagonjwa, huku wazima."

"Basi iliyochanganya ni kompyuta," mzee alisema. Akanigeukia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aulizwe. "Au siyo, fundi?"

Nikasema, "Kompyuta haikosei, mzee."

Nimeandika sentensi hiyo hapa kama nilivyoitamka, sikuongeza wala kupunguza. Ilikuwa kweli kwa namna ya kinyama kabisa: kompyuta ilifanya nilichoiambia. Mzee aliacha kutabasamu. Akatazama vitambaa vyake, akamtazama dada, halafu akasema taratibu, "Haya. Kama haikosei, basi." Wakati wa kuondoka aling'oa mashina mawili, akanifungia mihogo kwenye mfuko. "Ya fundi," alisema. "Unenepe."

Niliipakata njiani. Ilikuwa na udongo mbichi, unaanguka kwenye suruali yangu. Tulipoacha nyuma nyumba za mwisho dada alisema, kama anayejisemea, "Shamba zuri vile. Nitamwambiaje?"

"Dada, simama kidogo."

Alidhani nataka kutapika. Alisimamisha pikapu kando ya njia, akanifungulia kioo. Nikatoa simu, nikafungua rasimu, nikampa. Sikuweza kusema kwa mdomo. Alisoma kwanza mistari minne. Alisoma mstari wa tatu mara mbili, nikaona midomo yake ikisogea. Kisha akapanda juu kwenye salamu, maana rasimu ile ilikuwa na salamu zote kumi na moja, moja chini ya nyingine, nilikuwa nazitunza ili nilinganishe.

"Shikamooni," alisoma kwa sauti. "Habari zenu. Heshima kwenu wakubwa na wadogo. Husika na kichwa cha habari." Akaniangalia. "Hii ni ya lini?"

"Ya wiki niliyofuta toleo. Kabla ya majani ya upande wa chini."

"Kwa hiyo ulikwama kwenye salamu?"

"Ndiyo dada."

Sikumwona akikasirika, na ingekuwa nafuu kumwona. Alinirudishia simu, akashika usukani kwa mikono miwili. "Juzi nimekuuliza kama klasta ina tatizo. Leo nimemuuliza mzee wa watu maswali ya wizi shambani kwake. Wewe umesimama pale, ukamwambia kompyuta haikosei. Halafu ukapokea mihogo."

"Nisamehe dada."

"Mimi baadaye." Akageuza gari.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mihogo yake bado ina udongo."

Mzee alikuwa amekaa nje anakunywa chai. Nilimwamkia tena, nikabaki nimesimama. Nikamwambia yote, kwa maneno yasiyo na kompyuta nyingi: kuna chombo cha kupimia, mimi nilikibadilisha katikati ya kazi, sikumwambia mtu, nusu ya shamba lako ikapimwa kwa chombo kimoja na nusu kwa kingine. Vibao vyako viko sawa. Nilijua tangu wiki iliyopita.

"Kwa hiyo siyo mimi," alisema.

"Siyo wewe, mzee."

"Ngoja." Akageuza shingo kuelekea jikoni. "Mama! Njoo huku usikie, fundi ana maneno." Mke wake akaja na mwiko mkononi. "Haya, rudia."

Nikarudia. Mke wake alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na khanga zangu?"

Mzee alicheka sana. Mimi sikuweza. Akaniuliza kwa nini basi sikuwaambia watu mapema, na dada, bila kunihurumia, akamweleza habari ya salamu. Mzee akaacha kucheka, akanitazama kama anayetazama ugonjwa ambao hajawahi kuuona.

"Wewe umekuja hapa mara mbili leo, mara zote mbili umeniamkia vizuri. Salamu unazijua. Ulichokuwa unaogopa ni kingine." Akaweka kikombe chini. "Sasa sikia. Majirani wamewaona mnapiga picha vibao. Hapa habari imeshatembea kwamba nimeharibu. Alhamisi tuna kikao cha kikundi. Uje uyaseme haya haya pale, usipunguze."

Alhamisi nilikwenda kwa bodaboda, peke yangu. Nilisema mbele ya wakulima kama ishirini, kwenye mabenchi ya shule. Mama mmoja nyuma akauliza kama mtu aliyefanya hivi bado ana kazi, na mimi nikasema sijui, maana kwa kweli sikujua.

Mkuu wa kituo nilikuwa nimeshamwambia Jumanne. Nilikwenda na barua ya kujiuzulu ndani ya bahasha, imepigwa YAH na kila kitu. Alinisikiliza, hakuifungua bahasha wala kunirudishia, akaniambia mambo mawili: rudisha toleo la zamani, na tuma tangazo leo. Kulijenga upya toleo lile kulinichukua siku sita, kwa sababu nilikuwa nimefuta pia vitu lililovitegemea, nikidhani ni takataka. Majani yote ya mzee yakapita tena kwa toleo moja. Juu na chini vikalingana. Shamba likabaki kwenye mradi, na pingili za kitambaa cha bluu na cha maua zikagawiwa Magoma kabla ya mvua. Mstari wa kitambaa chekundu, aliokuwa anaupenda kuliko yote, ulikuwa mgonjwa kweli pande zote mbili. Aliung'oa mwenyewe. Niliambiwa alisema angalau sasa anajua anang'oa nini.

Tangazo langu la kwanza lilianza hivi: "Shikamooni. Wa rika langu na wadogo zangu, habari zenu." Wa rika langu walinijibu "marahaba mwanangu" kama nilivyotabiri, na wanaendelea mpaka leo wakinikuta kwenye korido. Mkuu wa kituo alijibu neno moja, marahaba. Dada yangu wa Bungu hakujibu. Ilichukua muda kabla hajaniita tena mdogo wangu; kwa wiki kadhaa nilikuwa "wewe," na nilistahili. Siku moja alipita mezani kwangu mchana, akaniuliza kama nimekula, na mimi nikainuka nikamfuata.

Siku hizi sifuti toleo la programu ambalo mtu aliwahi kulitumia. Klasta haikubali tena amri isiyotaja namba ya toleo, na kila kazi ikiisha, namba hiyo inaandikwa juu ya matokeo. Tangazo linatoka wiki mbili kabla ya badiliko, hata likiwa na herufi iliyokosewa. Orodha ya moduli ni ndefu na haipendezi. Na mtu akiniuliza kama klasta ina tatizo, namwambia asubiri niangalie, kisha naangalia.